Aliyepo Amjazie Asiyepo

Mashuka ya watu hayajui kwamba leo ni siku ya uchaguzi. Yalikuwa yamelala pale uani katika marobota yake, mashuka ya nyumba ya wageni, yakinuka jasho la wasafiri na mafuta ya nywele, na Mama Povu akayaruka akaenda kugusa bomba. Alilifungua. Likatoa pumzi kidogo, halafu kimya. Wala hakutegemea kingine, maana ilikuwa wiki ya tatu sasa, ila mkono wa dobi ukiamka lazima uende bombani hata kama moyo umeshakata tamaa.

"Hamna?" akauliza baba mkwe wake kutoka kwenye kigoda chake.

"Hamna, baba."

"Yatakuja. Hayo huja mtu akishachoka kuyangoja."

Mzee macho yalikuwa yamemtupa mkono, amebakiwa na mwanga na kivuli tu, lakini masikio yake, we, hata panya hakupita darini bila yeye kujua ameelekea wapi. Ujana wake wote alikuwa mlinzi wa ghala. Kazi yake usiku ilikuwa kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa pale, ili tajiri huko alikolala ajue kwamba mlinzi hajalala. Sasa uzeeni alikuwa amepata kazi nyingine inayofanana na ile. Alikaa kando ya bomba, debe tupu katikati ya magoti, kipande cha nondo mkononi. Bomba likianza kukohoa, yeye hugonga. Jirani akisikia huchukua mfuniko wa sufuria naye akagonga, na wa pili yake hivyo hivyo, mpaka mtaa mzima wa kilimani unajua kwamba yametoka.

Mpango huo aliuanzisha Mama Povu mwenyewe, na aliuanzisha kwa uchungu. Siku walipomzika mumewe, mtaa mzima ulikwenda makaburini. Wakiwa huko, maji yakatoka, yakamwagika kwenye mabomba yaliyosahauliwa wazi, yakakatika. Waliporudi, ua umejaa waombolezaji, hapakuwa na tone la kunawa mikono. Arobaini ilipopita alizunguka nyumba kwa nyumba na kauli moja: aliyepo amjazie asiyepo. Huna haja ya kuombwa, wala usingoje kushukuriwa. Ukisikia debe, unajaza chako, kisha unavuka ua wa jirani unajaza chake. Watu wakaishika sheria ile kuliko wanavyoshika za serikali. Mtaani hapo unaweza kugombana na mtu hata salamu hampeani, lakini ukirudi safari utakuta pipa lako limejaa na amejaza yeye.

Na sheria hiyo ndiyo iliyompandisha jina. Ilipotangazwa kwamba kiti cha mwakilishi wa watumiaji kwenye bodi ya maji kiko wazi, hakuna aliyeuliza nani asimame. Wote walimtazama yeye. Akakataa. Akasema yeye ni dobi, mambo ya bodi ni ya watu wenye viatu vya kuvaa na soksi. Fundi cherehani, rafiki yake na jirani wa ukuta mmoja, akamwambia soksi atamshonea. Akakubali.

Hakuwa na makuu. Wagombea wengine duniani huahidi mbingu. Yeye aliomba siku moja. Siku moja tu katika wiki, iwe Jumanne, iwe Alhamisi, yoyote wanayotaka, lakini ijulikane. Kule bondeni maji yalifika karibu kila siku kwa sababu ya mteremko, na watu wa kule walikuwa na matenki ya kuyahifadhi. Huku juu yalikuja kama mgeni asiye na adabu, bila taarifa, saa mbaya, akaondoka kabla hujamwekea kiti. Wenzake walipenda kulalamika kwamba maji yamewafika shingoni. Mama Povu alikuwa akijibu kwamba yeye anaomba yamfike hata kwenye vifundo.

Na siku hiyo moja aliihitaji kufa na kupona. Meneja wa nyumba ya wageni alikuwa amemwita wiki iliyopita, akamkaribisha kiti, na Mama Povu alipoona amekaribishwa kiti akajua mambo yameharibika. Meneja alisema kwa upole kwamba wageni hawawezi kulalia magodoro matupu. Dobi akishindwa kumwambia siku gani mashuka yatarudi, basi haya yatakuwa ya mwisho, ya kesho yatapelekwa kwa wale wenye mashine. Nyumba ya wageni ndiyo iliyokuwa kazi yake. Nguo za majirani ni za kusaidiana, huwezi kumlisha mzee kwa nguo za majirani.

Fundi cherehani akaingia na gauni begani, bado lina sindano ya kubania ubavuni. Alimgeuza rafiki yake huku na huku kama anayenunua mbuzi, akalivuta pindo, akasema sasa hata bodi yenyewe itasimama kumpisha. Kisha akamwona mzee na debe lake.

"Leo si umpumzishe huyu? Wiki tatu anangoja hewa."

"Nikimwondoa hapo ataugua," Mama Povu akasema. Akainama kwa mzee, akamwekea uji karibu na mkono. "Baba, tutakuwa uwanja wa shule, ni mbali kidogo. Yakitoka, gonga kwa nguvu."

"Mimi nimegonga chuma mama yako hajaolewa," mzee akasema. "Leo wewe unifundishe debe?"

Wakacheka wote watatu, wakaondoka.

Kura yenyewe ilikuwa ya kupanga mstari. Unasimama nyuma ya mtu wako, unahesabiwa, basi. Msimamizi aliyetumwa na ofisi ya maji alikuwa mtu mnene mwenye leso isiyokauka, na alizieleza taratibu mara mbili kwa sababu kipaza sauti kilimeza maneno mara ya kwanza. Kila mgombea asimame kwenye alama yake ya chokaa. Filimbi ikilia, hakuna kuingia. Atakayetoka mstarini asirudi. Vinahesabiwa vichwa vilivyopo, si vya waliokuwepo wala vya watakaokuja.

Mwenzake kwenye alama ya pili alikuwa Muuza Matenki, mwenye duka pale njia kuu. Si mtu mbaya, tusimsingizie. Huzika, huchangia, na watoto wakipita dukani huwapa peremende. Nyuma yake walijipanga watu wa bondeni na miavuli yao, mstari uliotulia, mfupi, uliokaa vizuri kivulini pa madarasa. Mstari wa Mama Povu ulianzia kwenye chokaa, ukapita goli, ukakunja kwenye uzio, ukarudi tena kwenye goli kama nyoka aliyesahau alikokuwa akienda. Watu wa kilimani walikuwa wametoka wote. Kulikuwa na mzazi mwenye kichanga cha siku chache, kulikuwa na kinyozi aliyefunga kibanda chake, kulikuwa na wagomvi wawili wa tangu enzi, mmoja kasimama nyuma ya mwenzake kwa ajili ya dobi. Mama Povu aligeuka akautazama mstari ule. Alijua atashinda. Kila mtu alijua. Hata Muuza Matenki alishamtazama mara mbili akitabasamu tabasamu la mtu anayejiandaa kusema hongera.

Wakarusha sarafu kuamua nani aanze kuhesabiwa. Ikaangukia kwa Muuza Matenki. Msimamizi akapuliza filimbi, akaanza kwenda na mstari wa bondeni, akimgusa kila mmoja begani kwa kalamu.

Ndipo debe likalia.

Mwanzoni lilikuwa mbali na jembamba, ungeweza kusema ni fundi bati yuko kazini. Mama Povu alilijua kwa pigo la kwanza. Mkono ule hugonga mara tatu, hupumzika, hugonga mara tatu, kama ulivyogonga reli ya ghala. Akajiambia moyoni, baba nyamaza. Debe halikunyamaza. Mzee alikuwa ameambiwa agonge kwa nguvu, na alikuwa akigonga kwa nguvu zake zote zilizobaki. Mfuniko wa kwanza ukaitikia, ukafuata wa pili, na kilima chote kikaanza kupiga kelele kwa mikono ya wagonjwa na ya watoto walioachwa nyumbani.

Mstari ulitikisika, lakini hakuna aliyetoka kwanza. Walisimama wakitazama juu, halafu wakamtazama Mama Povu. Ungeziona nyuso zao ungewahurumia. Wiki tatu za kununua maji ya mkokoteni, wiki tatu za kumwosha mtoto kwa kikombe, na sasa kilima kinawaita kwa sauti waliyofundishwa kutoipuuza.

Mama Povu akapaza sauti kwa msimamizi, akamwomba asimamishe kidogo, watu wakajaze warudi. Msimamizi akajibu bila kuinua kichwa kwamba akisimama hapo ataanza upya, na akianza upya wale wa bondeni watalalamika, na wakilalamika atajibu yeye. Akaifuta shingo kwa leso. "Taratibu si zangu, mama," akasema, na kwa kweli hazikuwa zake.

Wa kwanza alikuwa yule mzazi. Alisogea mpaka mbele, kichanga kifuani, machozi yakimlenga.

"Mama Povu, sina hata la kumwogeshea. Nifanyeje?"

Angemwambia nini? Angeweza kusema kaa. Neno lilikuwa pale mdomoni, fupi, na huyu binti angelitii, na wengine wangemwona huyu amebaki wakabaki. Alikitazama kile kichanga. Kilikuwa kimelala na jasho limekauka kwenye mikunjo ya shingo, limeacha mstari mweupe.

"Nenda, mwanangu," akasema.

Basi, kwisha. Aliyefuata hakuuliza. Wakatoka mmoja mmoja, kisha watano watano, wengine wakimgusa mkono wanapopita, wengine wakiinamisha uso wasikutane na macho yake, na karibu kila mmoja akasema neno lile lile, kwamba anarudi sasa hivi, ingawa kila mmoja alikuwa amesikia kwamba hakuna kurudi. Wale wagomvi wawili waliondoka pamoja wakikimbia. Fundi cherehani akasimama pale pale mstarini mikono imetandazwa kama anayezuia kuku, akiwataja majina ya wazazi wao, akiwauliza kama siku moja ya kila wiki si bora kuliko ndoo ya leo. Walimwambia ni bora. Wakampita.

"Waache," Mama Povu akamwambia.

"Niwaache? Unaona kinachofanyika? Unaona?"

"Naona. Watoto wao hawajaoga."

Msimamizi alipomaliza bondeni akaja kwenye chokaa ya Mama Povu, akakuta amebaki fundi cherehani, kinyozi mwenye mguu mbovu ambaye asingekimbia hata angetaka, mabinti wawili wapangaji waliohamia juzi na hawajanunua ndoo, na mlevi mmoja wa bondeni aliyekuwa amekosea mstari tangu mwanzo. Aliwahesabu polepole, kama kwamba upole ungewaongeza. Mlevi alipoguswa begani akainua mkono akasema yuko tayari kuhesabiwa tena. Hakuna aliyecheka.

Muuza Matenki alikuja kumpa mkono. Mkono wake ulikuwa na baridi. Akamwapia kwamba hakujua lolote kuhusu maji, kwamba hata yeye hakupenda kushinda hivi, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesema kweli. Kisha, kwa kuwa hakujua amalizeje, akamwambia siku akitaka tenki asisite kupita dukani, wataelewana. Mama Povu akasema asante. Alisema asante kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Alipanda kilima peke yake. Fundi cherehani alibaki kubishana na msimamizi, naye hakuwa na nguvu ya kumngoja. Hasira ilikuwa imempanda, lakini ilikosa pa kushukia. Akiielekeza kwa majirani, alikiona kile kichanga. Kwa msimamizi, aliiona leso yake. Kwa mzee, hapo hata hakuthubutu.

Penye kona ya kuingia mtaani alimkuta fundi wa valvu amepiga magoti kwenye shimo lake, ile spana ndefu ya kufungulia maji imelazwa kando. Alikuwa akijiandaa kufunga. Huyu alikuwa kijana wa kazi, mtu wa kuitwa na kutumwa. Mama Povu akasimama juu yake.

"Nani alikwambia ufungue leo?"

"Nilipigiwa simu, mama."

"Na nani?"

"Ofisini. Simu ya ofisi haina jina, mama, ina namba tu." Akamtazama kwa macho mekundu ya mtu aliyetukanwa asubuhi mpaka jioni. "Wiki tatu mnaniuliza kwa nini sifungui. Leo unaniuliza kwa nini nimefungua. Mimi nifanye nini?"

Akamwomba asifunge kwanza, aache kidogo, na kijana akasema ameambiwa saa hii, asipofunga saa hii kesho hana kazi. Mama Povu akamwacha na shimo lake.

Mtaa ulikuwa umelowa. Watoto walikuwa uchi kwenye madimbwi wakipigana kwa vikombe, sabuni masikioni. Wanawake walikuwa wakivuka nyua na ndoo vichwani, wakiingia kwa huyu na kutoka kwa yule. Alipotokea, furaha ikakatika kama redio iliyochomolewa. Wakasimama na ndoo zao. Yule mzazi alikuwa mlangoni amemshika mtoto ndani ya beseni, akamwinua kidogo tu amwone kwamba ni msafi. Mmoja wa wale wagomvi wawili akajikaza kwa niaba ya wote.

"Tumekujazia, Mama Povu."

"Nimeona," akasema, ingawa alikuwa hajaona. "Mungu awalipe."

Alifungua mlango wa ua. Mapipa yote yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni, maji yakitetemeka juu bila kumwagika. Yalikuwa yamejazwa pia mabeseni yake yote, na makarai, na masufuria yote matatu yakiwa yamepangwa ukutani kwa ukubwa. Walijaza birika. Walijaza kikombe cha mzee cha uji, baada ya kukiosha. Kopo la maua lililotoboka walikuwa wameliziba kwa mfuko wa plastiki nalo likajazwa. Hakuwahi kuona maji mengi namna ile katika ua wake tangu aolewe. Akakaa juu ya robota la mashuka.

Mzee alikuwa pale pale, suruali imelowa mpaka magotini, debe mbele yake limebonyea ubavu mmoja. Alisikia kishindo cha kukaa kwake, akageuza sikio.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Umerudi mapema. Kiti umekipata?"

Mama Povu alitazama mapipa. "Bado wanahesabu," akasema.

"Watakupa. Watampa nani mwingine?" Mzee alikuwa akihema, akiukanda mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Alikuwa na jambo jingine lililomkera zaidi ya kiti, na alilizunguka kidogo kabla ya kuliuliza, kama mtu anayeogopa kusifiwa. "Debe je? Nilisema uwanja ni mbali, umri nao umekwenda, labda halitafika. Lilifika?"

"Lilifika, baba."

"Walisikia?"

"Walisikia wote."

Mzee akacheka, kicheko cha chini kwa chini kilichomtikisa mabega, akasema ule mkono si wa kuuchezea, tajiri wa ghala mwenyewe alikuwa akisema hivyo, anausikia akiwa kitandani kwake ng'ambo ya reli. Mama Povu akavua gauni jipya, akalitundika msumarini pamoja na sindano yake, akajifunga kanga kuukuu. Akafungua robota la kwanza. Akaliingiza shuka kwenye beseni, akalisukuma chini kwa ngumi zote mbili mpaka likaacha kupandisha mapovu ya hewa, akachukua la pili.

Kando yake bomba lilikuwa bado likitiririka. Kisha likapungua, likawa uzi, likakohoa, likanyamaza. Mzee alikuwa amelisikia kabla yake. Akaacha kucheka, akapapasa chini mpaka akalipata debe lake, akamwaga maji yaliyokuwa yameingia ndani, akaliweka tena katikati ya magoti. Akaishika nondo. Akaliegemezea bomba sikio, akangoja.